Hati Zote Zimezuiwa

Jumatatu, 3 Machi

Wiki ya ushindi imeanza. Naandika nikiwa na akili timamu na chai ya moto.

Kwanza hali ilivyo, kwa faida ya watakaosoma shajara hii nikishakuwa mtu mkubwa. Mama mkwe wangu ana chumba cha mbele kinachotazama barabara. Marehemu baba mkwe alikuwa fundi saa, na chumba hicho ndicho kilikuwa karakana yake. Tangu afariki mlango umefungwa. Sasa mama mkwe ametangaza kwamba Jumapili ataamua chumba kiende kwa mkwe yupi. Wakwe tuko wawili. Mimi, na mwanyumba wangu, yaani mume wa dada yake mke wangu, ambaye ni fundi friji. Yeye anataka kujaza friji mbovu humo ndani. Mimi nataka kufungua Kituo cha Usalama wa Kompyuta. Jina nimeshalibuni, kibao bado.

Nakitaka chumba kile kuliko anavyojua mtu yeyote. Baba mkwe alikuwa akiniita nikae naye anapotengeneza saa. Alinipa kibano nishike kigurudumu kidogo kuliko punje ya mchele, akaniambia, "Shika hapo, usitikisike." Sikutikisika. Hakuna mtu mwingine aliyewahi kuniachia kitu kidogo namna ile, na namkumbuka sana mzee yule.

Kazini mimi ni karani wa ghala katika ofisi ya maji. Nahesabu mabomba. Pia ndimi msimamizi wa mashine ya laminesheni inayofunika karatasi kwa plastiki, cheo ambacho hakimo kwenye barua yangu ya ajira lakini kila mtu anakijua.

Sasa mpango. Mama mkwe hushona, na kila siku hufungua tovuti ya mishono kwenye kompyuta yake. Tovuti hiyo ni kero tupu. Ukisoma kipimo cha shingo, linaruka tangazo la dawa ya mvi. Ukilifunga, linaruka la viatu. Nimepata tiba: kiendelezi. Unakiweka kwenye kivinjari, nacho kinazuia vile vijiprogramu vinavyojiendesha vyenyewe ndani ya tovuti. Unachagua mwenyewe tovuti ipi izuiwe. Kompyuta ya mama mkwe inatumia Kiswahili, na kwa Kiswahili kiendelezi kinaviita vijiprogramu hivyo "hati". Mke wangu akasema neno hilo litaleta utata, nimtafutie mama yake neno jingine. Nikamwambia istilahi ni istilahi. Yeye ni mwalimu wa hisabati, mambo ya lugha aniachie mimi.

Jumanne, 4 Machi

Nimetoka kazini moja kwa moja hadi kwa mama mkwe. Shikamoo, marahaba mwanangu, karibu ukae. Marahaba ndefu, yenye joto. Nikajifunga kibwebwe. Kiendelezi kikaingia bila shida. Nikafungua tovuti ya mishono, nikabonyeza "Zuia". Kimya! Dawa ya mvi imetoweka. Viatu vimetoweka. Limebaki gauni peke yake, limetulia kama maji mtungini.

Mama mkwe akavaa miwani akatazama. Akasema ama kweli umri wote huu hakujua kwamba tovuti ile ina rangi ya samawati kwa nyuma. Akaniita mwanangu mara mbili. Kichwa kikavimba, nakiri, lakini kilivimba kwa haki.

Mwanyumba naye alikuwepo, amelala chini ya friji ya mama mkwe, miguu tu inaonekana. Nikaieleza miguu hiyo kazi ya kiendelezi kwa kirefu. Haikujibu kitu.

Nilipoaga, mama mkwe akanikumbusha hati ya nyumba yake, ambayo nilichukua mwezi uliopita kwenda kuitolea kopi. Kopi nilimletea, hati yenyewe bado ninayo. Mwanasheria wake ataihitaji. Yeyote atakayepewa chumba, jina lake litaandikwa kwenye hati hiyo na kupigwa muhuri ofisi ya ardhi Jumatatu ijayo. Nikamwambia asiwe na shaka. Iko kwenye droo yangu kazini, chini ya bisibisi.

Jumatano, 5 Machi

Mafanikio yanazaa mafanikio. Leo nimejiuliza, kwa nini tovuti moja tu? Mwizi akizuiwa mlangoni si ataingia dirishani? Mama mkwe alipokwenda kupika chai nikazuia tovuti ya habari, ya hali ya hewa, ya kanisa, na ile ya kuzungumza na mwanawe wa mwisho aliyeko ng'ambo. Kila moja nikaichagua kwa mkono wangu. Juu ya skrini pakatokea maandishi makubwa mekundu: HATI ZOTE ZIMEZUIWA. CHANZO HAKIAMINIKI. Nikayaacha pale yaonekane. Kazi nzuri haifichwi uvunguni.

Kisha nikatoka barazani kumpigia simu mhasibu wetu, ambaye hudai kwamba najua mabomba tu. Nikamwambia hati zote za mama mkwe nimezizuia, hata moja haimponyoki mtu kama mimi. Nikamwambia bibi wa watu hana habari, yuko jikoni ananipikia chai. Nikamwambia ikifika Jumapili chumba ni changu. Mhasibu akauliza kama hayo yanaruhusiwa kisheria. Wivu huo.

Pazia la dirisha la jikoni likatikisika. Upepo. Nilipoingia ndani chai ilikuwa haina sukari.

Alhamisi, 6 Machi

Shikamoo mama. "Marahaba." Basi. Hakuna mwanangu, hakuna karibu. Nadhani amechoka.

Alikuwa ameketi mbele ya kompyuta mikono mapajani, anayatazama yale maandishi mekundu. Akaniuliza polepole, kama mtu anayepima kina cha maji kwa fimbo, ikiwa ni kweli hati zake nimezizuia. Nikamwambia ni kweli kabisa. Akauliza, zote? Zote, mama. Akauliza zitafunguliwa lini. Nikamwambia hakuna itakayopita bila idhini yangu, na kwamba mtu wa umri wake hapaswi kuhangaika na mambo hayo tena. Akauliza chanzo kisichoaminika ni nani. Nikacheka, nikamwambia hao ni wengi, lakini wengine wamo humuhumu ndani mwake. Nilikusudia ndani ya kompyuta.

Akaguna tu. Kimya kingi kina mshindo mkuu. Mshindo huo, naamini, ni makofi.

Dosari ndogo: tovuti ya mishono sasa haionyeshi picha. Ina vipimo tu, shingo bila gauni. Na kitufe cha kumpigia mwanawe wa ng'ambo hakibonyezeki. Nikamweleza kwamba usalama una gharama zake. Akasema ameanza kuziona.

Mke wangu jioni akaniambia mama yake amefungua sanduku la nyaraka, amekuta kopi peke yake, anauliza hati yenyewe iko wapi. Nikasema iko salama. Akauliza salama wapi. Nikatabasamu tu, maana ndipo hapo hapo nilipopata wazo kubwa kuliko yote, na zawadi haitangazwi.

Ijumaa, 7 Machi

Nimefanya.

Hati ile ilikuwa inasikitisha. Imekunjika mara nne, kona moja imeliwa na mende, nyuma kuna alama ya kikombe. Nilingoja wenzangu waende kula. Nikaiwasha mashine ikapata moto sawasawa. Nikaitandaza hati katikati ya karatasi mbili za plastiki, nikaiingiza, nikaishika kwa ncha za vidole mpaka ikamezwa yote. Ikatokea upande wa pili inang'aa! Ngumu, nyoofu, haipenyi maji wala mende wala wino. Karatasi nyingine zinaweza kuililia. Nitaitoa Jumapili mbele ya watu wote, dakika ambayo mama mkwe ataanza kusema.

Mwanyumba ataleta nini? Gesi ya friji.

Jumamosi, 8 Machi

Heshima inaongezeka. Mama mkwe amebadilisha kufuli la mlango wa mbele na la chumba cha kulala. Anaona nilivyozindua zama za usalama, na yeye anafuata. Nilipoingia alichukua mkoba wake akaupakata, akaupakata mpaka nilipotoka. Nilipokwenda msalani alinisindikiza hadi mlangoni. Sijawahi kutunzwa hivyo na mkwe.

Mwanyumba akanivuta pembeni, akaniambia mimi na yeye hatujawahi kuwa marafiki, lakini bado nina nafasi ya kurudisha vitu na mambo yakaisha kifamilia. Nikampigapiga begani. Maskini, ameona anashindwa, sasa anaomba tugawane.

Mke wangu amerudi akiwa na uso wa mtihani. Kasema kesho mwanasheria atakuja. Nikamwambia vizuri sana, azidishe mashahidi. Akaniuliza kama kuna jambo lolote nataka kumwambia leo, sasa, kabla hatujafika kesho. Nikamwambia apige pasi shati la bluu. Akalichukua shati.

Jumapili, 9 Machi

Naandika polepole, nisije nikakosea kituo hata kimoja.

Tulikaa sebuleni kwa mama mkwe. Yeye kwenye kochi na mkoba. Mke wangu na dada yake pamoja. Mwanyumba karibu na mlango, amekunja mikono. Mwanasheria, mama mmoja mwembamba mwenye kalamu mbili, katikati. Kiti nilichowekewa mimi kilikuwa peke yake, kinatazamana na wote. Kiti cha mgeni wa heshima! Nilikaa nikakunja nne.

Mwanasheria akaniuliza kama ninajua kwa nini nimeitwa. Nikasema najua, ila unyenyekevu unanizuia kusema. Akauliza ikiwa ni kweli nimezizuia hati za mama huyu. Nikasema ni kweli. Akauliza ngapi. Nikamwambia kwenye mishono peke yake ni thelathini na moja, za kanisa sikuzihesabu. Kalamu ikasimama. Akamgeukia mama mkwe akamnong'oneza, kumbe mama una viwanja vingine? Mama mkwe akasema hana kiwanja hata cha kuanikia nguo. Mwanasheria akaniuliza hati hizo sasa ziko wapi. Nikasema haziko popote, zikizuiwa zimezuiwa, na nikaongeza kwamba nina mpango wa kuzizuia na za majirani, mtaa mzima, kwa kuanzia.

Mwanyumba akasimama akaziba mlango.

Aliyecheka wa kwanza ni mke wangu. Alianza kidogo, akaziba mdomo kwa mtandio, kisha akashindwa akalala begani kwa dada yake. Nilisikia anasema istilahi, istilahi, huku machozi yanamtoka. Alipopata pumzi akawaeleza yote: kwamba hati anazosema mtu huyu ni vijiprogramu vya tovuti, matangazo yale, dawa ya mvi, na kwamba alinionya tangu Jumatatu.

Ndipo nikaelewa. Usiku mzima wa Alhamisi, na wa Ijumaa, na wa jana, mama mkwe alidhani mimi nimemwibia nyumba. Damu ilinipanda, kisha ikashuka, na nilichobaki nacho ni uchungu. Mimi! Niliyemshikia mumewe vigurudumu.

Mama mkwe hakucheka. Aliinuka akaenda kwenye kompyuta. Akasema kwamba tangu siku ile anakiona kitufe kilichoandikwa "Ruhusu hati zote", lakini aliogopa kukibonyeza, akidhani atakuwa ameruhusu hati zake zichukuliwe. Alikuwa anangoja abonyeze mbele ya mwanasheria. Akabonyeza. Dawa ya mvi ikaruka na muziki wake, ikafuatiwa na viatu. Kisha magauni yakarudi, moja baada ya jingine, na simu ya mwanawe wa ng'ambo ikaanza kuita hapo hapo, anauliza kama mama yuko hai.

Baada ya hapo akaja akaketi karibu nami, akaweka mkoba chini. Akasema mwanangu, nimekukosea. Akasema marehemu alikupenda, na mimi nimekaa siku zote hizi nakuwekea chai bila sukari. Akawatangazia watu wote kwamba chumba ni changu.

Changu! Mwanyumba akatoka mlangoni akanipa mkono. Mkono mgumu, lakini aliutoa.

Na mimi, wakati huo huo, nikatoa bahasha, nikaitoa hati ya nyumba inang'aa, nikaiweka mezani. Ikagonga meza kama sahani. Mama mkwe akaishika akasema loo. Shemeji, dada yake mke wangu, akasema haikunjiki tena. Mwanasheria aliigeuza mbele, akaigeuza nyuma, akaikwaruza kwa ukucha, akafunga mkoba wake. Wivu hata kwa wasomi upo. Leo ni siku kubwa kuliko ya harusi yangu, na mke wangu asisome mstari huu.

Jumatatu, 10 Machi

Ofisi ya ardhi. Tulikwenda mimi, mama mkwe, mke wangu na mwanasheria. Shati la bluu tena.

Karani alifungua wino, akaandika jina langu kwenye hati. Jina likakusanyika likawa vitone, vitone vikateremka vikadondoka mezani. Akajaribu muhuri. Muhuri ukateleza ukagonga mkono wake mwenyewe. Akauliza nani ameifanyia hati ya serikali kitendo hiki. Nikasimama wima nikasema ni mimi, na nikamweleza kwamba haipenyi maji wala mende.

Akatuambia kwa upole uliotisha kwamba hati iliyopigwa laminesheni haiandikiki, haipigiki muhuri, na kwa hiyo haitumiki. Imezuiwa. Alitumia neno hilo hilo, sikumwambukiza mimi. Mama mkwe atapaswa kuomba hati mpya. Itachukua muda gani? Karani akatazama juu kwenye feni. Na kabla haijatoka, chumba hakiwezi kuandikwa kwa mkwe yeyote.

Akatoa risiti ya maombi, karatasi laini ya rangi ya waridi. Akasema itapigwa muhuri kila hatua ikipita, mihuri sita, na ikiharibika tunaanza upya. Aitunze nani? Mama mkwe akaipitisha mbele ya pua yangu akampa mke wangu.

Tulirudi kwa basi. Nilitazama dirishani. Chumba kilikuwa changu tangu jana hadi leo asubuhi, na nilikuwa sijakifungua hata mlango.

Jumatano, 12 Machi

Mwanyumba ameingiza friji zake chumbani. Kwa muda tu, kasema mama mkwe, mpaka hati itoke, chumba kisikae bure. Yeye hahitaji jina kwenye karatasi, anahitaji plagi.

Nilikwenda nikasimama mlangoni. Mama mkwe akanikuta pale. Akaingia katikati ya zile friji, akatoka amebeba kigoda cha marehemu, kile kifupi cha kukalia wakati wa saa ndogo. Akanipa. Akasema chumba kitangoja, hiki hakihitaji muhuri. Nikakibeba kifuani hadi nyumbani, barabara nzima watu wananitazama, na sikuona aibu hata chembe.

Nimekaa juu yake sasa. Kutoka hapa chini mtu anaona mambo kwa usawa wake. Mwanyumba ana friji. Mimi nimerithi kiti cha fundi, na urithi hauna hati.

Jambo la pili: ofisi ya ardhi ina tovuti ya kufuatilia maombi. Nimeifungua, imejaa vitu vinavyozunguka na kumetameta. Nimekiwasha kiendelezi changu, nikazizuia hati zake zote. Ukurasa sasa ni mweupe pe. Hakuna habari yoyote, maana yake hakuna tatizo lolote.

Jambo la tatu ni zawadi, kwa hiyo naliandika humu tu. Mke wangu si mwangalifu. Ile risiti ya waridi ameiweka kwenye mkoba pamoja na chaki na chupa ya maji. Chupa ya maji! Mihuri sita inangoja, karatasi yenyewe laini kama ganda la kitunguu. Asubuhi niliichukua nikaenda nayo kazini. Nikaiwasha mashine ikapata moto sawasawa. Nikaiingiza taratibu, nikaishika kwa ncha za vidole, nikamkumbuka mzee.

Sikutikisika hata kidogo.